Klachi au Otomatiki? Maswali ya Wanaojifunza Gari Mombasa

Nafundisha gari hapa mjini. Maswali haya huulizwa na mtu kabla hajashika usukani, mengine akiwa keshakaa ndani na mikono inamtoka jasho. Nayajibu hapa kama ninavyoyajibu nikiwa nimeketi kiti cha kushoto.

Mwalimu, tofauti yenyewe hasa ni nini?

Gari haliwezi kusimama huku injini ikiendelea kuzunguka iwapo injini imeshikana na magurudumu moja kwa moja. Gari likisimama pale taa za Buxton, magurudumu yametulia lakini injini bado inanguruma. Lazima pawe na kitu katikati cha kuvitenga viwili hivi.

Katika manyuali, kitu hicho ni klachi, na anayeitenga na kuishikanisha ni mguu wako wa kushoto. Kuna pleti inayobanwa kwa nguvu za springi. Ukikanyaga, pleti inaachiliwa, injini inazunguka peke yake. Ukiachia, pleti inabanwa tena na gari linavutwa. Kisha mkono wako ndio unaochagua gia: ya kwanza ina nguvu nyingi na mwendo mdogo, ya tano ina mwendo mwingi na nguvu kidogo.

Otomatiki haina kanyagio la klachi; katika nyingi kazi hiyo inafanywa na mafuta yaliyomo kwenye gia boksi. Upande wa injini unayarusha mafuta, upande wa gia unasukumwa nayo, na vyuma viwili havigusani. Fikiria jahazi lililotia nanga huku kusi inavuma: upepo unaendelea kupita, jahazi haliendi. Ukiondoa mguu kwenye breki, ni kama umeng'oa nanga, ndiyo maana otomatiki huanza kutambaa lenyewe hata kabla hujakanyaga kanyagio la mafuta. Mwanafunzi asiyeambiwa hilo mapema hushtuka, na mtu aliyeshtuka hukanyaga chochote kilicho karibu na mguu wake.

Nianze na lipi?

Anza na manyuali kama una nafasi ya kuchagua na mwili wako unakuruhusu. Huu ndio msimamo wangu na sijauacha, ijapokuwa magari mengi yanayoshushwa bandarini kwetu kutoka Japani ni otomatiki, na ukizunguka yadi za magari hapa mjini utatafuta la klachi mpaka uchoke.

Sababu yangu ni sikio. Mtu aliyejifunza kwa klachi huisikia injini inapolemewa, inapopiga kelele bure, inapotaka gia ya chini. Hujua kwamba gari ni mzigo wenye uzito unaosukumwa. Aliyeanza na otomatiki anaweza kuyajua haya pia, lakini itabidi mwalimu wake ayafundishe kwa makusudi, na walimu wengi hawafanyi hivyo.

Lakini nisikilize vizuri. Wako wanaolazimishwa manyuali na baba au mume kwa hoja kwamba otomatiki "si gari". Hoja hiyo ni ya majivuno na haina faida. Kama gari lililopo nyumbani ni Vitz ya otomatiki, unataka kupeleka watoto shule Tudor na kurudi, na klachi inakutia hofu kiasi cha kukukosesha usingizi, jifunze otomatiki na ujifunze vizuri. Hofu ikimkaa mtu katika wiki ya kwanza huwa vigumu kuitoa.

Anayetaka kula kwa usukani, hiyo habari nyingine. Matatu nyingi, malori ya kwenda bara, pikapu za dukani, hata Probox za watu wa miraa na samaki, mengi bado ni ya klachi. Kijana anayetafuta kazi ya udereva akiwa na leseni ya otomatiki peke yake amejifungia milango mingi.

Nikipata leseni kwa otomatiki, nitaruhusiwa kuendesha la klachi?

Hapana. Madaraja ya leseni yanatenganisha. B1 ni gari dogo la otomatiki, B2 ni gari dogo la manyuali. Mwenye B2 anaendesha yote mawili, mwenye B1 anabaki na otomatiki mpaka afanye mtihani mwingine. Zamani watu walikuwa wakisema "nina BCE" na yakaisha, sasa angalia herufi pamoja na namba inayoifuata. Tazama hilo siku ya kujiandikisha shuleni, kabla hujalipa, kwa sababu nimepokea wanafunzi waliofundishwa klachi kwa wiki kadhaa wakaja kugundua walisajiliwa B1.

Hatuko peke yetu katika utaratibu huu. Uingereza pia aliyefaulu kwa otomatiki hapewi ruhusa ya manyuali.

Niwe na umri gani, na nahitaji nini kabla ya kuingia barabarani?

Miaka 18 kwa gari dogo. Unaomba leseni ya muda ya mwanafunzi kwa NTSA, mamlaka ya usalama barabarani, kupitia eCitizen, tovuti ya serikali, gari linawekwa alama ya L mbele na nyuma, na pembeni yako akae mwalimu. Mjomba kukufundisha jioni uwanjani bila leseni hiyo ni mapenzi yake kwako, lakini mkitoka barabarani mmevunja sheria nyote wawili.

Mtihani ukoje?

Sehemu ya kwanza ni bodi, ule mji wa mfano wenye barabara, raundabauti, reli na maegesho, na kigari kidogo unachokisukuma kwa mkono ukieleza unakotoka na unakokwenda. Pia utaulizwa alama za barabarani. Halafu unaendesha na mtahini pembeni.

Watu wengi huidharau bodi kwa kuwa inafanana na mchezo wa watoto. Mimi naiheshimu. Asiyeweza kueleza kwa mdomo anaingiaje raundabauti, atajikuta pale Makupa katikati ya lori la kontena na tuktuk tatu, na hapo hakuna wa kumweleza.

Gari linanizimikia kila nikianza. Nina tatizo gani?

Huna tatizo. Unaachia klachi upesi, basi.

Injini ikiwa imetulia inazunguka kama mara 700 hadi 800 kwa dakika, na hapo nguvu yake ni ndogo. Ukiishikanisha ghafla na gari zima lililosimama, inashindwa na kuzima. Kwa hiyo pana mahali katikati, wakati wa kuachia, ambapo pleti imeanza kugusa lakini bado inateleza. Sisi tunaita kubalansi. Utapajua kwa ishara tatu: sauti ya injini inashuka kidogo, boneti inainuka kidogo, na kanyagio linatetema chini ya mguu. Ukipafika, tulia. Usiongeze, usipunguze. Hesabu moja, mbili, tatu, gari litaanza kusogea, ndipo umalizie kuachia.

Somo langu la kwanza halina mafuta kabisa. Tunatafuta uwanja tambarare, mwanafunzi anaweka namba moja, anaachia klachi polepole mpaka gari litembee lenyewe kwa klachi tu, anaikanyaga tena, anasimama. Mara thelathini, mara arobaini. Kuna mama mmoja wa Majengo aliyeniambia siku ile ya kwanza kwamba anapoteza pesa zake kwa kutopewa kanyagio la mafuta. Siku ya tatu alitoka nami barabara ya Tononoka na gari halikumzimikia hata mara moja. Mguu ulikuwa umeshajua, na akili yake ikawa huru kutazama watu wanaovuka.

Na likizima barabarani? Kanyaga breki, kanyaga klachi, weka fri (yaani gia isiwe namba yoyote), washa, anza upya. Wa nyuma watapiga honi. Waache wapige. Honi haijawahi kumsaidia mtu kubalansi klachi, na mwanafunzi anayekimbizwa na honi ndiye anayeruka mbele na kumgonga mtu.

Kwa nini nasikia harufu ya kuungua?

Unachoma klachi. Sugua viganja vyako kwa nguvu utaona vinavyopata moto, na pleti inayoteleza ndivyo inavyopata. Wengi huichoma kwenye foleni ya Nyali Bridge jioni, mguu ukiwa umewekwa nusu kanyagio kwa dakika ishirini. Foleni ikisimama, weka fri, vuta hendibreki, pumzisha mguu. Ukimaliza kubadilisha gia, uondoe mguu kabisa juu ya klachi, usiufanye kigoda.

Naogopa feri ya Likoni. Nitapandaje ule mteremko?

Swali hili ndilo ninalolipa muda mwingi kuliko yote, na sioni haya kusema kwamba nami huwa mwangalifu kila nifikapo pale.

Kisiwa cha Mombasa hakina milima ya kutisha. Mlima wetu ni feri. Unateremka kuelekea majini, unapanda chombo, na ng'ambo unapanda tena kutoka majini, huku maelfu ya waenda kwa miguu wakipita ubavuni mwako na mizigo yao. Maji yakiwa yametoka, mteremko huwa mkali zaidi kwa vile feri imeshuka. Gari likirudi nyuma nusu mita tu hapo, kuna mtu nyuma yako. Septemba 2019 gari liliteleza likatoka kwenye feri, likazama na watu wawili waliokuwemo, na hakuna mtu wa Likoni aliyesahau siku zile za kusubiri.

Kwa manyuali, fanya hivi. Ukiwa umesimama mlimani, vuta hendibreki mpaka mwisho. Klachi chini, namba moja. Ongeza mafuta kidogo, injini isikike. Achia klachi polepole hadi boneti inyanyuke, na gari litake kwenda lakini hendibreki inalizuia. Sasa shusha hendibreki taratibu. Gari litasonga mbele bila kurudi hata kidogo. Nyuma haliendi kwa sababu kabla hujaachia breki, injini tayari imelishika. Ukiona halisogei, usiogope, vuta hendibreki tena, anza upya.

Kwa otomatiki kazi ni ndogo: mguu wa kulia unatoka breki kwenda mafuta, na kule kutambaa kwake kunalishikilia. Lakini mlima ukiwa mkali na gari limejaa, otomatiki nalo linarudi nyuma. Tumia hendibreki vilevile.

Ukishaegesha ndani ya feri: hendibreki, zima injini, kisha manyuali yaachwe ndani ya gia na otomatiki iwe P, ya kuegesha. Kaa ukitazama mbele, simu iache.

Atakaye kuikwepa feri anaweza kuzungukia barabara ya Dongo Kundu siku hizi. Wanafunzi wangu wa Kusini wengi hupita huko, na siwalaumu. Ila nawataka waijue feri kabla ya kuikwepa.

Otomatiki si rahisi tu? Unafundisha nini hapo?

Ni rahisi kuanza. Hatari yake iko katika urahisi huo. Katika manyuali, ukikosea gari huzima, na kuzima kunaokoa. Otomatiki likikosewa linakwenda.

Kosa kubwa ni kutumia miguu miwili. Mguu wa kushoto ukipewa breki na wa kulia mafuta, siku ya mshtuko yote miwili itakanyaga pamoja. Mguu wa kulia peke yake ufanye kazi zote mbili, kisigino kikiwa chini mbele ya breki, na wa kushoto ukae pembeni kama haupo. La pili ni kuhamisha kutoka D kwenda R gari likiwa bado linatembea, unaiua gia boksi kidogo kidogo. La tatu ni kushuka mlima ukiwa N eti unaokoa mafuta. Huokoi kitu, na umejinyima msaada wa injini.

Zile herufi ni nini? Na hiyo L hutumika lini?

P ya kuegesha, R ya kurudi nyuma, N ni fri, D ya kwenda. Baada ya hapo kuna magari yenye 2 na L, mengine S au B. L na B hulizuia gari lisiongeze kasi mteremkoni kwa kutumia injini. Kama hujawahi kuzihitaji, shuka siku moja kutoka Kwale mjini kuelekea Kombani, au nenda Taita uteremke Wundanyi hadi Mwatate na zile kona zake. Anayeshuka kule kwa breki tupu atafika chini breki zimepata moto na zimelegea. Wa manyuali aweke namba mbili, wa otomatiki ashushe hadi 2 au L, na breki iguswe mara mojamoja.

Mimi ni dereva wa tuktuk. Klachi ya gari itanisumbua?

Hata. Wewe klachi unaijua tayari, iko mkono wa kushoto, na gia unazungusha kwenye mpini uleule. Unahamisha ujuzi kutoka mkononi kwenda mguuni. Vijana wa tuktuk kutoka Kisauni na Bombolulu ni wanafunzi wangu wepesi kwa klachi, na wazito kwa upana wa gari: wanajipenyeza pasipopenyeka. Nao hupewa siku mbili za kuegesha kati ya mikebe kabla ya kitu kingine.

Lipi linakula mafuta zaidi? Na matengenezo?

Otomatiki za zamani zilikula zaidi kwa sababu ya kuteleza kwa yale mafuta ya ndani. Za sasa, hasa zile za CVT, otomatiki zisizo na gia za hatua, kama Nissan Note nyingi zinazouzwa hapa, hula sawa na manyuali au chini yake.

Gharama iko kwingine. Klachi ikiisha, fundi anabadilisha pleti, unaumia lakini unalipa. Gia boksi ya otomatiki ikifa ni pesa nzito, na mara nyingi inakufa kwa sababu moja: mafuta yasiyo yake. Mafuta ya CVT si yale ya otomatiki ya kawaida. Fundi akikuambia yote ni sawa, mshukuru na utafute fundi mwingine.

Betri ikiisha?

Manyuali linasukumwa na vijana wawili likawaka. Otomatiki halisukumwi, tafuta nyaya na gari la pili. Likiharibika, lipandishwe juu ya gari la kubebea. Kulikokota magurudumu yanayovutwa na injini yakizunguka chini kunaichoma gia boksi, kwa kuwa mafuta hayazunguki injini ikiwa imezimwa.

Nivae nini?

Kiatu bapa chenye kushika kisigino. Ndara huteleza zikaingia chini ya breki, na viatu virefu havikupi hisia ya klachi. Mimi huvaa buibui, na pindo langu nalipandisha likakaa juu ya goti kabla sijawasha, kwani nguo ikijizungusha kwenye kanyagio huna muda wa kuitoa. Wenye kanzu hali kadhalika.

Nimefunga. Nijifunze Ramadhani?

Asubuhi, ndiyo. Saa kumi na moja jioni sikutoi barabarani. Watu wanakimbilia futari, wana njaa na kiu, na magari yanaendeshwa kwa haraka isiyo ya kawaida.

Nina miaka 52. Nimechelewa?

La. Vijana hujifunza mikono na miguu upesi, watu wazima hujifunza barabara upesi, kwa sababu wamekaa matatuni miaka wakitazama makosa ya wengine. Kama goti la kushoto linakuuma, hapo otomatiki ni chaguo la haki na usimsikilize anayekudharau. Mwenye ulemavu naye ana haki ya kuendesha, leseni yake ina daraja lake, F, na gari linaweza kuundiwa vidhibiti vya mkono.

Natarajia kwenda Ghuba kufanya kazi ya udereva.

Basi manyuali, na ujizoeshe kichwani. Kule wanapita kulia, usukani uko kushoto na gia utaibadilisha kwa mkono wa kulia. Klachi haibadiliki, bado ni mguu wa kushoto. Kinachowashinda wetu wengi ni raundabauti, kwa sababu zinazungukwa upande mwingine.

Nina leseni miaka mitatu na sijaendesha. Nianzie wapi?

Jumapili alfajiri, Mama Ngina Drive, kabla watu hawajaja kupunga upepo. Zunguka Kizingo mara tano, sita. Wiki ya pili ingia Nyali, mitaa ya ndani, ujizoeze kurudi nyuma na kuegesha. Wiki ya tatu vuka Nyali Bridge mchana, saa nane hivi, foleni ikiwa imelegea. Moi Avenue na Digo Road zingoje mpaka usiwe unatazama gia kwa macho.

Feri iwe ya mwisho. Nenda kwanza kwa miguu, usimame pembeni pale juu, uwatazame madereva kumi wakipanda. Utamtambua anayejua: taa za breki zinazimika na gari lake halirudi nyuma hata kidole.